Uhakiki wa Tamasha Ambalo Sikulimaliza

Mwaka jana niliandika uhakiki wa tamasha la muziki lililofanyika viwanja vya Leaders, Kinondoni. Ulichapishwa kwenye tovuti moja ya burudani, na kilichosifiwa zaidi ni aya yake ya mwisho. Humo nilieleza jinsi msanii mkuu alivyopanda jukwaani amevaa koti jeupe, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akauanza wimbo wake mkubwa kwa sauti tupu bila ala, umati ukaubeba mpaka mwisho. Niliandika kwamba ukimya ule ulikuwa ala ya kwanza ya usiku huo. Mhariri aliipenda sentensi hiyo, akaifanya kichwa kidogo.

Ukimya huo sikuusikia. Koti jeupe lilipopanda jukwaani, saa nane na nusu usiku, mimi nilikuwa Mbagala Kizuiani nimelala kwenye kitanda ninachogawana na binamu yangu. Leaders niliondoka saa nne na nusu. Aya ile niliitunga asubuhi yake kutokana na vipande vitatu vya video alivyonitumia rafiki yangu mwenye gari.

Nimekaa na jambo hili kwa miezi kadhaa, kwanza kama aibu, baadaye kama swali la kitaaluma. Ndiyo kawaida yetu wanafunzi wa uzamili: aibu ikikaa sana tunaiita mada. Nilipomweleza mwalimu wangu wa sanaa za maonyesho kwamba nataka kuandika juu ya daladala na matamasha, aliniangalia juu ya miwani. "Uhakiki, mama, si ripoti ya usafiri." Nikamwambia nimekuelewa, mwalimu. Lakini sikuwa nimemwelewa, na bado.

Basi nauandika upya. Huu ni uhakiki wa tamasha lilelile, nikianzia pale lilipoanza kwangu, yaani kituoni.

Tangazo lilisema saa kumi na mbili jioni, na wakati huo nilikuwa bado nayaamini matangazo. Saa tisa alasiri nilipanda daladala la Kariakoo. Jumamosi mchana gari linaingia mjini nusu tupu, unapata siti ya dirishani, unapunga upepo wa Kilwa Road kama mtu anayekwenda kwenye harusi. Gerezani nikahamia mwendokasi wa Morocco. Humo ndimo nilipowaona wale wasichana watatu ambao ningewaona tena usiku. Kila mmoja alikuwa na kanga kiunoni, ndala miguuni, na kimfuko mkononi ambamo visigino vya viatu vilikuwa vimetoboa. Tuliposhuka Kinondoni na kukata kwa miguu kupita upande wa makaburi, walikuwa bado na kanga. Hatua mia kabla ya geti wakasimama pembeni ya ukuta. Kanga zikaingia kwenye vimfuko, viatu vikatoka, na nguo za ndani ya kanga zikaonekana, fupi na zenye kung'aa.

Yule mwalimu wangu angeita hilo kubadili mavazi nyuma ya pazia, na angekuwa na haki. Wasichana wale walikuwa wamevaa kwa ajili ya hadhira mbili, moja ya uwanjani na nyingine ya ndani ya basi, na ile ya basi ndiyo waliyoiogopa. Kanga iliyokunjwa kwenye kimfuko ilikuwa inasubiri safari ya kurudi. Tangu wakiwa nyumbani walikuwa wameshapanga saa ya kuitoa.

Richard Schechner, ambaye katika fani yetu hakuna anayemkwepa, anasema onyesho halianzi taa zinapowaka wala haliishi zinapozimwa. Watu hukusanyika, hutazama, halafu hutawanyika, na kukusanyika na kutawanyika navyo ni sehemu ya tendo zima. Nilimsoma nikaona amesema kweli, ila nikakumbuka pia kwamba amefanya kazi yake New York, mji ambao treni za chini ya ardhi hutembea saa ishirini na nne. Katika mpangilio wake kutawanyika hungoja zamu yake. Kwetu Dar kutawanyika huanza katikati ya onyesho.

Unaweza kukuona kwa macho. Saa tatu na nusu uwanja unakuwa umejaa kuliko utakavyojaa tena usiku ule. Kuanzia saa nne kasoro, pembezoni panaanza kulegea. Mtu anaangalia simu, anamgusa mwenzake bega, wanasimama, wanajipangusa vumbi. Hakuna anayeondoka kwa hasira. Wanaondoka huku wanacheza, wanarudi nyumanyuma wakiwa wameukabili muziki, kama watu wanaoaga msiba wa mtu mkubwa. Ukiwa umesimama nyuma ya mnara wa mafundi mitambo unaweza kuisoma ramani ya jiji kwa mpangilio wa kuondoka. Kwanza Chanika na Bunju, halafu Gongo la Mboto na Mbagala, halafu Kimara. Sinza na Magomeni bado wapo, wao boda haiwaumizi. Masaki hawajafika.

Sasa niseme lililotokea saa nne na robo, ambalo kwenye uhakiki wangu wa kwanza nililipa nusu sentensi.

Alipanda msanii wa kike, kijana, wa daraja la kati, mwenye nyimbo mbili zinazojulikana. Alikuwa na bendi ya watu wanne na alikuwa anaimba mwenyewe, si kuchezesha midomo juu ya rekodi. Alianza na wimbo mpya usiojulikana, kama wafanyavyo wote, wakiuweka ule mkubwa mwishoni. Alipofika ubeti wa pili akaona migongo. Nilikuwa karibu kiasi cha kumwona akiiona. Akainua mkono, bendi ikanyamaza, akasema kwenye maiki, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anaongea na jirani: "Watu wa Mbagala, Gongo la Mboto, najua gari. Ngojeni dakika nne tu." Watu wakacheka. Migongo ikageuka. Akauacha wimbo mpya ulipokuwa, akaingia moja kwa moja kwenye kiitikio cha ule mkubwa, bila utangulizi, kwa kasi kubwa kuliko ya rekodi, na mpiga gitaa akawa anamkimbiza badala ya kumpeleka. Walioko mlangoni waliimba wakiwa mlangoni. Alikuwa anaimba dhidi ya gari la mwisho na alijua. Wimbo uliotungwa kuwa wa kubembeleza ukawa na haraka iliyoufaa kuliko ubembelezi, kwa kuwa maneno yake yanahusu mtu anayeondoka.

Lile ndilo lilikuwa tukio kubwa la kisanaa la usiku ule. Nasema hivyo nikijua kwamba saa nne zilizofuata sikuziona, na video nimezitazama mara nyingi. Koti jeupe lilikuwa zuri. Ila msanii yule aliimba kwa hadhira iliyokuwa mbele yake, akaukata wimbo wake mwenyewe ili uwafikie. Mimi nilikuwepo, nikaandika nusu sentensi: "pia aliimba." Niliamini kwamba tamasha liko pale aliko mkubwa wao.

Baada ya dakika nne zake niliondoka na wenzangu wa Mbagala.

Mwendokasi tuliuwahi kwa kukimbia. Gerezani tukatembea kwa kundi kutafuta gari, maana usiku kundi ndilo ulinzi. Magari yalikuwepo mawili, na makonda walikuwa wameshaanza kukata ruti: moja linaishia Mtoni kwa Azizi Ally, jingine linafika Rangi Tatu lakini kwa nauli waliyoamua wao. Tukaingia hilo la pili, waliokaa na waliosimama na mmoja aliyekaa juu ya injini. Wale wasichana watatu walikuwemo, kanga zimerudi viunoni. Mama mdogo akapiga simu.

"Umefika wapi, mwanangu?"

"Nimeshapata gari, mama. Tupo Kariakoo tunajaza."

"Haya. Simu weka ndani."

Gari lilipopita Bandarini dereva akafungulia redio, na ukapigwa wimbo mkubwa wa yule wa koti jeupe, ambaye tulikuwa tumemlipia kiingilio na tukamwacha nyuma hajapanda. Kicheko kilikuwa cha gari zima. Kisha watu wakaimba. Konda alikuwa mlangoni nusu ndani nusu nje, akawa anapiga bati kwa kiganja, na kwenye kiitikio alipiga katikati ya mapigo, sehemu ambayo kwenye rekodi kuna uwazi. Hapo nikaelewa kwa nini wimbo ule umechanganywa hivyo, besi imepunguzwa na sauti imewekwa mbele kabisa. Umetengenezwa kwa ajili ya spika iliyopasuka ya daladala. Mtayarishaji wake anajua hadhira ilipo. Anayepanga ratiba ya tamasha hajui, au anajua na haimhusu.

Si mara zote muziki na usafiri wa jiji hili viliishi mbalimbali. Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi nyingi za dansi zilikuwa mali ya mashirika. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya shirika la bima. UDA, shirika la mabasi ya jiji, lilikuwa na bendi yake, UDA Jazz. Mlimani Park yenyewe, hiyo ambayo wazazi wetu wanaiita Sikinde, ilipoanza mwaka 1978 ilikuwa chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na ikahamia kwa DDC mwaka 1983. Mwaka huohuo serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi, yale yaliyokuja kuitwa daladala kutokana na dala, yaani shilingi tano ya nauli. Sitaki kuupaka rangi wakati ule. Mabasi yalikuwa machache na yanaharibika, hiyo ndiyo sababu ya daladala kuruhusiwa, na sidhani kama kuna mpiga tarumbeta aliyewahi kumrudisha shabiki nyumbani kwa basi la shirika. Hata hivyo naipenda picha hiyo ya mwajiri mmoja kuwalipa mshahara dereva na mwimbaji. Siku hizi hao wawili wanakutana kwenye redio ya gari tu, au kwenye jina la kituo: Sinza kwa Remmy, ambako makonda wanamtaja Remmy Ongala kutwa nzima, miaka mingi tangu afariki mwaka 2010, wakimtaja kwa abiria ambao wengine hawajui kwamba alikuwa mtu.

Rafiki yangu mwenye gari, yule wa video, hakubaliani na mimi, na hoja yake si ya kubeza. "Wewe unataka ngoma iishe saa nne kama ibada," aliniambia. "Sisi ni watu wa kukesha. Harusi tunakesha, msiba tunakesha, taarabu mpaka kuche. Saa za usiku ndizo zenye utamu." Kweli. Nimekesha kwenye vigodoro vya Mbagala, singeli inakwenda mbio kuliko moyo, na sijawahi kuangalia saa. Ila kigodoro kipo mtaani. Spika zimewekwa kati ya nyumba ya mama Fulani na genge, ukichoka unaingia ndani kulala, ukiamka unatoka tena. Bibi anayelalamikia kelele amekaa mlangoni anatikisa mguu. Anayekesha ngomani yupo umbali wa sauti ya mama yake. Matamasha yetu makubwa yameuchukua mkesha yakauacha mtaa, na kati ya viwili hivyo pana safari ambayo hakuna anayeigharimia.

Uwanja wa Benjamin Mkapa unaingiza watu 60,000, na siku za klabu kubwa kutambulisha wachezaji wapya, wasanii wakubwa wa nchi hii huimba pale mbele ya uwanja uliojaa, mapema, kabla ya mechi. Nyota anaimba kwa wakati kwa sababu mwamuzi ana filimbi, na filimbi haimngoji mtu aliyeko hotelini anachagua koti. Nimewasikia watayarishaji wakisema Watanzania hawaji mapema. Kwenye mpira wanakuja. Wanakaa juani tangu asubuhi.

Kwa haki ya mada niliamua kubaki mara moja. Ilikuwa Desemba, uwanja mwingine, waandaaji wengine, sina sababu ya kuwataja. Nilikwenda na binamu yangu, tukakubaliana kwamba tutakesha na kurudi na gari la alfajiri. Kuanzia saa sita usiku nilijifunza kitu ambacho video haziwezi kukionyesha: hadhira ilikuwa imebadilika kabisa. Mbele waliingia wenye magari, wametoka kula, wananukia vizuri. Nyuma walibaki wavulana wa kutoka mbali waliokwisha kuamua kama sisi, wamekaa chini, wengine wamelala na kofia usoni. Wanawake wasio na gari walikuwa wachache mno, na hao wachache tuliangaliana. Ule umati wa saa tatu na nusu, wenye mama na watoto wao wakubwa, wenye mashoga watano waliochangishana nauli, haukuwepo.

Msanii mkuu alipanda saa tisa kasoro, akaimba juu ya rekodi kwa muda usiofika nusu saa. Alipotugeuzia maiki tuimbe, sauti iliyorudi ilikuwa nyembamba. Akakunja uso. Alidhani hatumpendi. Nilitaka kumwambia kwamba wanaompenda wameshalala, wapo Chanika, walimngoja mpaka wakashindwa.

Tulitoka saa kumi usiku. Kituo cha mwendokasi kilikuwa kimefungwa, tukaamua kutembea kuelekea mjini tukiongozana na watu wengine. Bodaboda ilipita karibu, aliyekaa nyuma akanyoosha mkono, na simu ya binamu yangu ikaenda. Hakuumia. Alisimama tu akiangalia kiganja chake. Mama mdogo alikuwa amepiga simu hiyo mara tisa, tulikuja kujua baadaye, na mara ya kumi ikapokelewa na mtu mwingine. Alikaa sebuleni mpaka tulipoingia saa moja asubuhi. Hakugomba. Alisema, "Chai ipo," akaenda kulala. Binamu yangu hajakwenda tamasha lolote tangu siku ile, na akialikwa husema atasikiliza redioni.

Nilipomaliza rasimu ya kwanza ya maandishi haya nilimpelekea yule mwalimu. Aliirudisha ikiwa na alama moja tu ya kalamu, pembeni ya kisa cha "ngojeni dakika nne tu." Aliandika: "Kwa nini hukuanzia hapa mwaka jana?"

Nikamwandikia pia mhariri wa ile tovuti. Nilimwomba aiondoe aya ya mwisho ya uhakiki wangu, aongeze nusu aya niliyoiandika upya juu ya msanii wa saa nne na robo, na aweke mstari mmoja chini: kwamba mwandishi aliondoka uwanjani saa nne na nusu usiku kwa sababu ya usafiri. Alijibu kwa upole kwamba aya ile ndiyo iliyosomwa zaidi, na hakuna aliyegundua. Nikamwambia nimegundua mimi. Ilichukua wiki mbili, akakubali yote isipokuwa kile kichwa kidogo cha ukimya, ambacho bado kipo, nadhani amekisahau.

Mstari ule wa chini upo sasa karibu mwezi. Maoni yaliyoachwa chini yake ni moja tu, kutoka kwa mtu ambaye hakuweka jina: "Mimi niliondoka saa tatu na nusu. Chanika."